Hesabu Karatasi Kabla ya Majina: Mwongozo Kamili wa Kutunza na Kuhesabu Kura za Chama

Mara ya kwanza kukabidhiwa usimamizi wa uchaguzi ilikuwa katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa, huku juu milimani, Moshi. Tulimwaga kura mezani, tukasoma majina, tukajumlisha. Mshindi wa uenyekiti akampita mwenzake kwa kura mbili. Vigelegele vikapigwa, mtu akaanza kuita mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndipo mama mmoja aliyekuwa ameshika daftari la mahudhurio akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mbona waliosaini ni 184 na kura zenu ni 187?"

Sikuwa na jibu. Karatasi tatu zimezidi, na tofauti ya washindani ni mbili. Hakukuwa na namna ya kuzijua hizo tatu, maana zilishachanganyika na nyingine. Uchaguzi ukarudiwa baada ya wiki mbili. Wengi hawakuja, na walioshindwa mpaka leo wanasema waliibiwa, na walioshinda wanasema hivyo hivyo.

Kama tungehesabu karatasi kwanza, zikiwa zimelala kifudifudi, tungeigundua hitilafu kabla mtu yeyote hajawa mshindi. Wakati huo watu huwa bado wanasikilizana. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Nimeuandika kwa ajili ya AMCOS (ushirika wa mazao), SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), kamati za maji, kamati za shule, vikoba vikubwa na umoja wa bodaboda. Uchaguzi Mkuu una sheria yake na una Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hapa naazima tu baadhi ya taratibu zake. Kwa chama cha ushirika, linaloanza ni Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 pamoja na masharti ya chama chenyewe. Yakipingana na ninachosema, fuata masharti.

Mtu atauliza, kwa nini tuhangaike na masanduku wakati tunaweza kunyoosha mikono? Kenya mwaka 1988 walijaribu mlolongo, wapiga kura wakajipanga nyuma ya wagombea hadharani, na lawama zake hazijaisha. Kwenye chama mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mgombea ni jirani, au ndiye anayepima kahawa yako. Mkono hauwi huru mbele ya mwenye mizani.

Hatua ya kwanza: daftari

Funga daftari la wanachama wenye haki ya kupiga kura siku saba kabla ya mkutano, au muda uliotajwa na masharti yenu. Libandike ukutani mahali pa kupokelea kahawa, au mlangoni mwa ofisi, ili malalamiko yaje mapema. Waliofariki waondolewe kwa kumbukumbu ya kikao, siyo kwa kukatwa na kalamu ya katibu usiku. Jina linalofanana liandikwe pamoja na namba ya uanachama. Huku kwetu unaweza kukuta akina Mushi wanne wenye jina moja la kwanza katika kijiji kimoja.

Hatua ya pili: karatasi za kura

Tuchukue chama chenye wanachama 312. Chapa karatasi 350 katika vitabu saba vya 50. Ziada hiyo ni ya watakaokosea. Usichape 500 "ili zisipungue". Kila karatasi ya ziada ni mlango ambao itabidi uulinde.

Kila ukurasa uwe na vipande viwili: kishina kinachobaki kitabuni, chenye namba kuanzia 001 hadi 350, na karatasi ya kura yenyewe isiyo na namba. Namba ikikaa kwenye kura, mtu anaweza kunakili pembeni nani kapewa namba gani, na siri ya kura imekwisha.

Tumia karatasi ya rangi ambayo haipatikani kila stesheneri. Weka picha ya mgombea kando ya jina. Wazee wetu wanakumbuka uchaguzi wa enzi za chama kimoja cha siasa kuanzia 1965, ambapo wagombea ubunge walipewa alama ya jembe au nyumba. Asiyejua kusoma alipiga kura yake vizuri kabisa bila kuomba msaada. Picha inafanya kazi hiyo leo.

Sasa, siku ya kuchapa. Hapa ndipo watu makini hulala usingizi. Wanakazana kulinda sanduku, kumbe karatasi zilishavuja dukani. Nendeni wawili, kila mmoja wa upande tofauti kama inawezekana, na msiondoke kwenye mashine. Mashine ya fotokopi ikikwama, huwa inatema karatasi iliyokunjamana, nusu wino nusu nyeupe. Kijana wa duka ataitupa kwenye ndoo ya taka bila kuwaza. Iokote. Ichukue pamoja na nakala ya majaribio, nakala mama, na kila kilichotoka chenye jina la mgombea. Faili lifutwe kwenye kompyuta na kwenye flashi mkiwa mnaangalia, likiwemo lile lililobaki kwenye WhatsApp ya duka kama ndiko mlikolituma. Hesabuni karatasi hapo hapo kaunta, fungeni kwenye bahasha ya kaki, sainini juu ya mdomo wa bahasha kisha mpitishe selotepu juu ya saini.

Bahasha hiyo isilale kwa mwenyekiti anayemaliza muda wake, hata kama hagombei. Sanduku la chuma lenye kufuli mbili linatosha: funguo moja kwa msimamizi, nyingine kwa mtu aliyekubaliwa na wagombea wote.

Hatua ya tatu: sanduku na chumba

Nunua kontena la plastiki lenye kuona ndani, lile la kuhifadhia nguo, na ulitoboe kifunikoni kwa kisu kilichopashwa moto. Tundu liwe jembamba, karatasi moja iliyokunjwa ipite kwa kusukumwa kidogo. Likiwa pana kama la kadibodi ya sabuni, kura kumi zitapita kwa mkupuo.

Kabla ya mtu wa kwanza kupiga kura, ligeuze sanduku chini juu mbele ya wote. Lipigepige kwa kiganja. Halafu lifunge kwa lakiri zenye namba, yaani vifungio visivyofunguka bila kukatwa, na namba hizo zisomwe kwa sauti na kuandikwa na mawakala wa wagombea. Kama lakiri hazikupatikana, bandika ukanda wa karatasi kuzunguka kifuniko na mwili wa sanduku, mawakala wasaini juu yake, kisha selotepu.

Kituturi, yaani kificho cha kupigia kura, kiwe na mgongo ukutani, mbali na dirisha. Meza mbili na shuka vinatosha. Jambo moja jipya siku hizi ni simu: mtu akipiga picha kura yake ndani ya kituturi, kuna anayesubiri kuiona hiyo picha nje, na hasubiri bure. Simu ziachwe kwenye beseni mezani kwa karani.

Hatua ya nne: kugawa kura

Mtiririko ni huu, na usibadilike kwa heshima ya mtu: mwanachama anaonyesha kitambulisho au kadi ya chama, anasaini daftari au anaweka dole, karani anachana karatasi moja, anagonga mhuri nyuma, anampa. Mwanachama anaingia kituturini, anaweka alama ya vema, anakunja ili mhuri uonekane kwa nje, anaonyesha mhuri kwa karani wa sanduku, anatumbukiza.

Mhuri ugongwe wakati wa kugawa, siyo usiku uliotangulia. Karatasi iliyoibwa kabla ya hapo haitakuwa na mhuri, basi haina thamani.

Aliyekosea arudishe karatasi yake apewe nyingine. Ile ya kwanza iandikwe IMEHARIBIKA na kuingia kwenye bahasha yake. Naomba hapa tuelewane kwa maneno, maana vurugu nyingi huanzia kwenye majina: karatasi *iliyoharibika* ni hii iliyorudishwa kabla ya kuingia sandukuni. Kura *iliyokataliwa* imetoka sandukuni lakini haihesabiki kwa mgombea yeyote. Ukizichanganya, hesabu zako hazitafungana mpaka asubuhi.

Kama uchaguzi una fedha nyuma yake, jihadhari na mnyororo. Mtu wa kwanza anatoka na karatasi yake tupu mfukoni. Nje, mwenye pesa anaijaza, anampa wa pili aitumbukize, na wa pili anamletea karatasi yake tupu. Hivyo hivyo hadi jioni, na kila anayerudi na karatasi tupu analipwa. Dawa yake ni kuweka ukingo wenye namba kwenye kura, namba ile ile ya kishina. Mpiga kura anapotoka kituturini karani analinganisha namba ya ukingo na aliyopewa, anauchana mbele yake, ndipo kura inatumbukizwa ikiwa haina namba tena. Inachelewesha foleni, lakini mnyororo unakatika.

Uchaguzi Mkuu wetu hufunga vituo saa 10:00 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo anapiga kura. Chama chako kinaweza kufunga mapema zaidi, ila sheria ya foleni ichukue kama ilivyo. Mweke mtu mkiani mwa foleni saa ya kufunga ikifika. Atakayekuja nyuma yake amechelewa.

Hatua ya tano: kusawazisha, kabla hata kura moja haijafunuliwa

Hapa usikimbie. Bandikeni tundu la sanduku kwa karatasi na saini. Kisha, sanduku likiwa bado limefungwa, fanyeni hesabu hii kwenye ubao ili wote waone. Natumia chama chetu cha mfano:

Karatasi zilizochapwa: 350.
Zilizobaki vitabuni, hazijatumika: 87.
Zilizogawiwa: 350 toa 87, yaani 263. Kishina cha mwisho kiwe namba 263.
Zilizoharibika na kurudishwa: 4.
Zinazotarajiwa sandukuni: 259.
Saini na dole kwenye daftari: 259.

Mistari miwili ya mwisho lazima ilingane. Isipolingana, tatizo liko mezani kwa karani, siyo sandukuni, na ni rahisi kulipata sasa kuliko baadaye. Mara nyingi ni mtu aliyesaini mstari wa jirani yake, au karatasi mbili zilizoshikana wakati wa kuchana. Zile 87 zitieni kwenye bahasha, mfunge, zitoke mezani kabisa. Karatasi tupu na kura zilizopigwa zisikutane tena juu ya meza moja.

Sasa someni namba za lakiri, mawakala walinganishe na walizoandika asubuhi. Zikatwe. Mwageni kura, sanduku lionyeshwe likiwa tupu, mkono upitishwe kwenye pembe. Fungueni karatasi moja moja na kuzilaza kifudifudi, mhuri juu. Hesabuni kumi kumi, fungu la hamsini lipate rababendi. Mtu wa pili ahesabu upya kila fungu.

Mkipata 259, vizuri. Mkipata 258, mtu ameondoka na karatasi. Andikeni, na mjiulize kuhusu mnyororo, lakini kazi inaweza kuendelea. Mkipata 260, simameni. Angalia mihuri kwanza. Karatasi isiyo na mhuri inajieleza yenyewe. Kama zote zina mhuri, itaneni mawakala, elezeni hali, na andikeni uamuzi kabla ya kufunua: kwa mfano, kwamba tutaendelea, na kama tofauti ya mshindi na wa pili haizidi ziada iliyopatikana, nafasi hiyo itarudiwa. Kila mtu atakubali, kwa kuwa hakuna anayejua ziada hiyo inambeba nani. Dakika ishirini baadaye hakuna atakayekubali chochote.

Hatua ya sita: meza ya kuhesabia

Panga muda. Huku kwetu jua linazama saa 12:30 jioni hivi, na mwezi wa Julai ukiwa Kibosho au Marangu ukungu unaweza kushuka hata kabla ya hapo. Hesabuni mchana, na hata hivyo muwe na taa mbili za sola zilizochajiwa. Umeme ukikatika, kila aliye mezani anainua mikono juu, msimamizi anafunika kura kwa kifuniko cha sanduku, mpaka taa iwake. Lisemeni hilo mwanzoni. Mara ya kwanza watu hucheka.

Meza ziwe katikati ya chumba, kamba ya manila izunguke kwa umbali wa hatua moja, mawakala wasimame nyuma yake. Waone kila kitu na wasiguse chochote.

Wanaoshika kura wasiwe na kalamu. Kalamu zibaki kwa mwandishi tu. Alama ya pili kwenye kura nzuri huwekwa kwa sekunde moja, hata kwa ncha ya penseli iliyofichwa chini ya kucha, na kura hiyo inakataliwa. Mikono ya shati ikunjwe. Chai na maandazi viliwe nje; doa la mafuta juu ya jina la mgombea limewahi kutugharimu nusu saa ya ubishi. Dirisha lifungwe au uweke vifurushi vya maharage juu ya mafungu, kwa sababu ya upepo.

Msomaji ananyanyua kura moja, anaionyesha kushoto na kulia, anataja jina, anaiweka kwenye fungu la mgombea. Yenye utata inawekwa pembeni bila mjadala. Ukianza kubishana kura ya saba, kura ya mia mbili utaifikia usiku.

Hatua ya saba: kura zenye utata

Kipimo ni kimoja: je, nia ya mpiga kura inaonekana bila kubahatisha, na je, siri yake imebaki? Alama ya vema iliyotoka nje ya kisanduku lakini imeelekea kwa mgombea mmoja, ihesabu. Msalaba badala ya vema, ihesabu. Duara kuzunguka picha, ihesabu. Vema kwa wawili pale anapotakiwa mmoja, ikatae. Karatasi tupu, ikatae. Yenye jina au saini ya mpiga kura, ikatae hata kama imependeza, kwani aliyesaini huenda anataka mtu aione.

Na dole? Mzee mmoja aliwahi kuweka dole gumba juu ya picha ya mgombea wake. Wakala wa upande wa pili akadai hiyo ni saini. Mzee akaitika kutoka nje dirishani, "Mwanangu, nimewekeshwa dole kwenye daftari, nikajua na hapa ni dole!" Akawa ameitoa siri yake mwenyewe mbele ya kijiji. Tuliihesabu, na toka siku hiyo ninasema kabla ya kuanza: dole ni la daftari, vema ni ya kura. Amueni lenu kuhusu dole mapema na mliandike.

Kila iliyokataliwa iandikwe nyuma IMEKATALIWA na sababu kwa maneno mawili au matatu. Wakala akipinga, andika "imepingwa" na uiweke kwenye bahasha yake. Kigezo mlichotumia kwa mgombea mmoja kitumike kwa wote. Ukishuku umeteleza, rudi mwanzo wa fungu hilo la utata.

Nafasi zenye wajumbe wengi

Kura moja ikichagua wajumbe saba, mafungu hayasaidii. Msomaji asome vema zote za karatasi, waandishi wawili wapige vijiti, vinne vimesimama na cha tano kikikata, kila mmoja kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake. Kila baada ya kura 25 simameni mlinganishe. Mkitofautiana, mnarudia 25 tu.

Hatua ya nane: fomu ya matokeo

Kura za wagombea wote, jumlisha zilizokataliwa, zilingane na zilizokutwa sandukuni. Kwa mfano wetu: 141, 109 na 9, jumla 259. Andikeni kwa tarakimu na kwa maneno: mia moja arobaini na moja. Tarakimu 1 inageuka 7 kwa mstari mmoja, maneno hayageuki hivyo.

Wino mweupe wa kufutia usikanyage chumba hicho. Februari 2020 Mahakama ya Katiba ya Malawi ilifuta uchaguzi wa rais wa 2019, na moja ya mambo yaliyowaponza ni fomu za matokeo zilizosahihishwa kwa wino huo. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na matokeo yakageuka. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi juu, msimamizi na mawakala wasaini pembeni.

Wakala asiyetaka kusaini asilazimishwe. Aandike sababu yake kwenye nafasi ya maoni, akikataa hilo nalo liandikwe. Kila wakala aondoke na nakala, nyingine ibandikwe mlangoni, na watu waruhusiwe kuipiga picha. Nakala ikishakuwa kwenye simu za watu arobaini, hakuna wa kuibadili njiani kuelekea kwa ofisa ushirika.

Kura zikifungana au tofauti ikiwa ndogo, fuateni mlichoandika kabla. Kuhesabu upya kuombwe hapo hapo, kabla bahasha hazijafungwa, na wahesabuji wabadilishane mafungu.

Hatua ya tisa: kuhifadhi

Bahasha tano: zilizohesabiwa kwa wagombea, zilizokataliwa, zilizopingwa, zilizoharibika, na ambazo hazikutumika pamoja na vishina. Daftari lifungwe peke yake. Kila bahasha iandikwe idadi kwa nje, isainiwe juu ya mdomo, vyote viingie kwenye sanduku la chuma la kufuli mbili. Vikae mpaka muda wa malalamiko uliowekwa na masharti upite na rufaa yoyote iishe. Najua chama kilichochoma kura jioni ile ile kwenye jiko la kupikia nyama, wakidhani wanazuia maneno. Malalamiko yalipofika wilayani, hawakuwa na cha kuonyesha isipokuwa majivu.

Funguo zile mbili zisiwekwe kwenye kishikio kimoja, hata kama ni kwa usiku mmoja, hata kama mwenye ufunguo wa pili anasafiri alfajiri kwenda Arusha. Asafiri nao.